Unga Ndani ya Rejeta

Leo fundi hapa Mukuyuni ametuchekesha.

Alifungua rejeta ya pikapu ya marehemu baba, iliyolala nyumbani tangu njaa ya 1984.
Ndani kulikuwa na unga umekauka kama simenti.

"Nani alipikia ugali huku?" akauliza.
Jamani, tulicheka!

Mama na dada yangu mkubwa hawakucheka.

"Rejeta ilikuwa inavuja maji, na mtoto anaungua na homa," Mama akasema. "Baba yenu akaziba na unga wa msaada, ule wa mwisho. Gari ilifia mlangoni kwa hospitali, ikavutwa hadi nyumbani, haikuwaka tena."

Fundi akavua kofia. "Na mtoto, Mama?"

Mama akanishika mkono.
"Ndiye huyu. Ndugu zake, hata huyu dada, walilala njaa."

Dada amekaa hapa kando yangu.
Niambieni, naanzia wapi kumshukuru?