Saa Arobaini na Moja za Sauti ya Mama

Surua ilimpofusha Zuhra akiwa na miaka tisa. Mama yake, muuza dagaa wa Ujiji aliyeishia darasa la saba, hakukubali masomo ya mwanawe yakatike. Zuhra alipoingia sekondari, vitabu vya nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, havikuwepo. Mradi mmoja ukampa kinasa sauti cha wasioona, na mama akawa anamsomea humo kila akitoka kuuza dagaa mwaloni. Alisoma Biolojia na Historia kwa Kiingereza asichokielewa, neno kwa neno, huku akikohoa na kufukuza kuku. Zuhra akafaulu, akawa mwalimu.

Mama alifariki mwaka juzi. Mwaka huu kinasa kikaanza kuzimika chenyewe, na shule zilipofungwa Zuhra akakipeleka Mwanga, mjini Kigoma, kwa Thobias, fundi simu.

"Mwalimu, sauti zimo," Thobias alisema baada ya kukifungua. "Ila kampuni iliyokitengeneza ilizihifadhi kwa mfumo wake yenyewe. Simu haizijui, kompyuta haizijui. Zinafunguka humu tu."

"Na kampuni?"

"Ilishaacha kutengeneza vinasa hivi."

Zuhra alikipapasa kinasa mezani. "Kwa hiyo kikifa hiki, nimempoteza tena."

Thobias akachomeka waya kwenye tundu la hedifoni, akauunganisha na kompyuta yake. Kinasa kiseme, kompyuta inase upya kwa mfumo wa kawaida, ambao simu ya mtu yeyote inaufungua. Zilikuwa saa arobaini na moja, na njia ya mkato haikuwepo.

Zuhra alishinda kwenye benchi la fundi siku baada ya siku, akisikiliza. Siku ya tatu mama alikatisha habari za mzunguko wa damu, akauliza, "Zuhra, umelala?"

"Sijalala, mama," Zuhra akajibu.

Thobias aliweka bisibisi chini, akamsogezea chai.

Siku ya tano kinasa kilizimika moja kwa moja. Sura nne za Historia hazikuokoka. Zuhra alilia palepale. Wiki iliyofuata akaazima kitabu hicho cha Historia, ambacho sasa kilipatikana kwa nukta nundu, akazisoma sura hizo mwenyewe, akijirekodi kwenye simu.

Sasa Shadia, mwanafunzi wake asiyeona kutoka Kagunga, anasikiliza yote kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Juzi aliuliza, "Mwalimu, huyu mama anayesoma mwanzo alikuwa anafundisha wapi?"

"Nyumbani kwetu," Zuhra alisema. "Alinifundisha mimi."