Bosi Amenituma Nijitafute

Leo nimepewa kazi ya kujisaka mwenyewe.

Juzi, kwa ile akaunti yangu isiyo na jina wala picha, niliandika kwenye kundi moja la mtandaoni la Nakuru kwamba mashine mpya ya alama za vidole ofisini kwetu inawakataa wakulima. Jembe limezifuta alama zao. Wazee wanarudi nyumbani bila mbolea ya ruzuku tunayowagawia.

Asubuhi bosi akaniita, akafunga mlango, akanionyesha simu yake.

Maneno yangu yote yako pale.

"Huyu ni mtu wa humu ndani," akasema. "Wewe umesomea kompyuta. Nitafutie jina lake kimyakimya, nimfute kazi."

"Sawa, bosi."

Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Lakini anaandika vizuri, eh? Karibu kama wewe."

Akacheka. Nami nikacheka, nadhani kwa muda mrefu kuliko yeye.

Sasa niambieni, nyinyi marafiki zangu wachache mnaoona ukurasa huu: hajui kweli, au ananichezea? Nikitaja mwingine, nimemuuza mtu bure. Nikisema sijampata, si ndiyo nimejitaja?

Nipigieni simu tu, tafadhali. Hapa chini msiandike kitu.