Tezi ya Baba na Pazia la Mlango

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Garissa. Tezi dume nimeichora ubaoni miaka nenda miaka rudi, na mvulana akicheka namtoa nje. Lakini baba yangu alipougua tezi hiyohiyo, sikuweza hata kuitaja mbele yake. Kwetu binti hazungumzi na baba yake mambo ya chini ya kitovu. Baba naye angeona afadhali afe kuliko kuyasikia kinywani mwangu, na kwa muda nilidhani ndivyo alivyoamua.

Alianza kwa kuacha safu ya mbele msikitini. Halafu akaacha msikiti kabisa, akawa anaswali chumbani. Tulidhani amekosana na imamu. Mama hata alitaka kwenda kuwapatanisha. Kumbe mkojo ulikuwa ukimponyoka kidogo kidogo na udhu haukai. Akapunguza chai, akapunguza maziwa ya ngamia, mwishowe akawa hanywi hata maji, kwenye joto hili letu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Alipozimia ndipo tukampeleka hospitali.

Kaka zangu walikuwa na mifugo huko Buna, kwa hiyo tulimpeleka mimi na mama. Nilibaki nje ya chumba cha daktari, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyepesi na nikasikia yote. Ilikuwa saratani, na ilishafika kwenye mifupa. Haiponi, daktari alisema, ila inaweza kutulizwa kwa kutoa korodani.

"Habana, daktari," baba akasema kwa Kiswahili chake cha soko la mifugo. "Hiyo sisi nafanyia ngamia."

Akatoka, akatupita, akaenda kusimama juani.

Nyumbani kwangu jioni hiyo alikaa chumbani, mimi nikakaa sebuleni. Katikati yetu palikuwa na pazia la mlango, na mama ameketi kizingitini. Baba alimuuliza mama kwa Kisomali, mama akaniuliza mimi kwa Kisomali kilekile, ingawa nilikuwa nimeshasikia kila neno. Nami nilimjibu mama, naye akapeleka jibu ndani. Kwa njia hiyo mimi na baba tulizungumza bila kuzungumza, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

"Anauliza, kama ugonjwa uko kwenye tezi, korodani zina kosa gani?"

Nikaeleza. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, homoni kutoka korodani huziamsha nyama zinazoizunguka tezi, nazo hutoa vichocheo vya ukuaji vinavyoiambia: ota hapa, toa tawi pale, sasa basi. Vichocheo hivyohivyo vilivyomjenga baba tumboni mwa mama yake ndivyo saratani inavyovitumia sasa, isipokuwa yenyewe haisikii neno basi. Ukikata homoni, unaikatia chakula. Mama aliyafikisha yote hayo kwa sentensi moja: "Anasema adui anakula kwako."

Baba akasema, "Ngamia aliyehasiwa kazi yake ni kubeba nyumba za watu."

Mama akaniletea hilo, na kabla sijajibu akageuka na jibu lake mwenyewe. "Na kwa mgongo wake nimehama maisha yangu yote. Dume linalotoa povu mdomoni likitafuta majike halijawahi kunibebea hata kikombe."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo akapasuliwa.

Na ilifanya kazi. Maumivu ya mgongo yalipungua, udhu ukakaa, akarudi safu ya mbele na akarudi kwenye maziwa yake. Joto la ghafla lilimpanda, akilowa jasho kama mwanamke aliyekoma hedhi, na mama alimpepea akimcheka: sasa umejua. Lakini ngamia wake hakwenda kuwaona tena. Kaka zangu walipowashusha karibu na Habaswein, wakamwita, alisema barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa nzuri. Nilijua sababu, na iliniuma kila nilipomwona akiuliza habari zao kwa simu, mmoja mmoja.

Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena, kisha mifupa ikaanza kumuuma upya. Daktari aliniita pembeni. Chembe za saratani, alisema, zimejifunza kujitengenezea vichocheo zenyewe. Hazihitaji tena homoni ya mtu. Hayo nilikuwa nimeyasoma, nikayafundisha, nikayatungia maswali ya mtihani. Siku hiyo niliyachukia kama mtu anavyomchukia jirani mwizi. Tumemnyima mzee uanaume wake ili kuliua dude hili kwa njaa, nalo limejifunza kujipikia!

Tukakaa tena vilevile, na pazia letu. Nilieleza, mama akapeleka. Nikamsikia baba, polepole, bila hasira:

"Muulize, basi mlinihasi bure?"

Mama hakunigeukia. Nilingoja aniletee swali, maana kwa taratibu zetu nilikuwa sijalisikia, na nisingeweza kujibu swali nisiloletewa. Nilikuwa na jibu: swala zote zile za safu ya mbele, maziwa, kicheko. Lakini jibu lilipopanda kooni lilitoka kama kilio.

Mama akapitisha mkono pembeni ya pazia, akaniziba mdomo.

"Anasema si bure," akamwambia baba.