Mwaka Mashine Ilipomruka Namba Nne

Hajnalka alimaliza maswali ya familia, akaingia kwenye maswali ya mashamba.

Nikamwambia, "Subiri kwanza. Hujaniuliza kuhusu namba nne."

Akaitazama kompyuta yake. Akayashusha maswali chini, akayapandisha juu.

"Swali lake halijaja, mama."

Jamani, nilishika meza.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani ina ufa, kwa hiyo mnivumilie. Nitaanzia mbali kidogo ili msipotee.

Mimi ni Piroska, wa mji wa Makó, huku kwetu kwenye vitunguu. Mume wangu ni Dezső. Zamani sana ofisi moja ya utafiti iliichagua nyumba yetu ili ifuatilie maisha ya familia. Si ule utafiti wa kuulizwa mara moja, watu wakaenda zao. Huu hauishi. Kila mwaka vitunguu vikishakauka, anakuja huyu Hajnalka, mhoji wao, anakunywa kahawa yangu, anauliza yaleyale ya mwaka jana.

Siku ya kwanza alitupa namba. Dezső 01, kichwa cha nyumba. Mimi 02. Mama mkwe wangu 03. Mwanetu wa pekee, Levente, 04.

"Namba haibadiliki," alituambia. "Ukihama, unahama nayo. Ukifa, hapewi mtu mwingine."

"Hata paka?" mama mkwe akauliza.

"Hata paka, bibi."

Na kila mwaka una herufi yake. Wa kwanza A, uliofuata B, ikaenda hivyo. Jibu lako wanalipa jina: herufi ya mwaka, kisha neno fupi la swali, kisha namba ya mtu. Ofisini wakiona K mwanzoni na 04 mwishoni, wanajua ni mwaka gani na ni nani, bila mtu kutajwa jina lake.

"Na herufi zikiisha?" nilimuuliza.

"Mama, ofisini wanagombana kila siku kwa hilo hilo."

Basi, Levente hakutaka vitunguu. Alitaka kwenda mji wa mbali, Pécs, kujifunza kutengeneza vinanda vya kanisani. Kwetu kila jina lina siku yake ya sherehe; siku ya jina lake, wageni wamejaa mezani, baba yake akamwambia mbele ya watu:

"Nenda. Ila nyumba hii itoe kwenye hesabu yako. Sisi tumeshakutoa kwenye yetu."

Levente akachukua koti lake, akatoka. Mimi nilikuwa na upawa wa supu mkononi. Nikaendelea kuwapakulia wageni.

Tangu hapo, ukilitaja jina lake, Dezső anainuka mezani, chakula kinabaki. Barua nilizompelekea Pécs zilirudi, mtoto kahama nyumba. Nikachoka.

Lakini utafiti ule humfuata anayeondoka. Wao walijua aliko.

Mwaka uliofuata Hajnalka akaniuliza, "Namba nne, mwanao anayeishi kwingine. Mwaka huu mmeonana mara ngapi?"

"Hatujaonana. Yuko hai?"

"Mama, unataka nifukuzwe kazi? Yake ni yake, yako ni yako. Hata alichojibu mzee wako chumba cha pili siwezi kukwambia."

Kweli, kila mtu huhojiwa peke yake, mlango umefungwa. Dezső kwanza, halafu mimi.

Kisha mama mkwe akafariki. Mwaka uliofuata nikasubiri swali la namba tatu. Halikuja.

"Mashine haiulizi habari za aliyekufa," Hajnalka akasema.

Hapo ndipo nilipopata pa kushikia. Nikiulizwa kuhusu namba nne, basi mwanangu anapumua mahali. Kila mwaka nilijibu "hatujaonana," na moyoni nikashukuru kuulizwa. Kisha nikapika jamu ya plamu, nikamwekea chupa yake stoo, nimeiandika herufi ya mwaka na 04. Dezső alikuwa anaziona. Hakuuliza hata siku moja.

Sasa mwaka huu.

Dezső alipatwa na kiharusi majira ya baridi. Mdomo umekwenda upande, anatembelea fimbo, na daktari hanifichi kitu. Hajnalka alipokuja alimhoji yeye kwanza kama kawaida. Alitoka mle ndani macho mekundu. Nikadhani ni vitunguu.

Halafu mashine ikamruka mwanangu.

"Sasa hapo pa namba nne pataandikwa nini?" nikamuuliza.

Hajnalka akainama. "Swali lisipokuja, mashine inajaza yenyewe. Inaandika 'haimhusu.'"

"Mwanangu hanihusu?"

"Mama Piroska..." Akaifunga kompyuta. "Ongea na mzee."

Nikaelewa ananiambia nimpashe Dezső habari za msiba. Nguvu sikuwa nazo.

Kesho yake nikavaa nyeusi. Nikawasha moto uani nikaanza kukoroga jamu, maana plamu zilikuwa zimeshaiva na haziwezi kungoja mtu alie. Dezső akatoka na fimbo yake, akaniangalia juu mpaka chini.

"Kafa nani?"

"Wako."

"Wangu nani?"

"Levente!"

Nikangoja ageuke aondoke. Hakuondoka. Alikaa kwenye gogo, taratibu.

"Nani kasema?"

"Mashine. Mwaka huu haikuniuliza habari zake."

Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Bibi wewe! Lile ni swali la mtoto anayeishi kwingine."

"Ndiyo, sasa?"

"Mimi ndiye kichwa cha nyumba. Mimi ndiye huulizwa kwanza nani wanaishi hapa. Mwaka huu nimesema watatu."

"Watatu! Watatu gani, Dezső?"

"Mimi, wewe, na Levente." Jina lilimtoka kwa shida, nusu mate. "Nilimtoa mimi. Amrudishe nani mwingine?"

Wallahi ningempiga na mwiko.

"Umemrudisha kwenye kompyuta, mzee! Kitandani kwake kumejaa vitunguu saumu!"

"Ningemwambia nani basi? Simu yake sina. Aliyekuja kuuliza ni yule dada wa watu."

Hasira zikaniisha. Tukabaki wazee wawili na sufuria. Lakini kama mtoto yuko hai bado hatukujua, maana mashine ilikuwa imeshakubali maneno ya Dezső na haina la kuniuliza. Nikajaza chupa ya mwaka huu, nikaiandika R04, nikaenda kulala mchana. Sijawahi kulala mchana.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja mlango ukagongwa.

Mwanamume mwenye ndevu zenye mvi, begi begani.

"Mama," akasema. "Kuna mtu wa ule utafiti kanipigia simu. Anasema namba yangu imeonekana kwenye nyumba mbili, Pécs na hapa. Anataka kujua ipi ni kweli."

Mimi nikamvua begi begani.

"Nikamuuliza nani kaniandikisha Makó. Akasema haruhusiwi kusema. Lakini mama, wewe huwezi kudanganya hata kidogo. Nikajua ni nani."

Fimbo ikasikika nyuma yangu. Dezső.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia anipe siku chache, nije niangalie mwenyewe."

Dezső akamwonyesha mlango wa chumba kwa fimbo.

"Basi kaondoe hivyo vitunguu saumu, upate pa kulala."

Maneno hayo tu.

Jioni Levente alitoka stoo ameshika chupa mbili. "Mama, hizi H04, J04, ni dawa?"

"Ni wewe. Kula."

Amesharudi kwenye vinanda vyake, na ofisini wamesahihisha. Namba nne anaishi Pécs. Mwakani Hajnalka ataniuliza tena tumeonana mara ngapi, na safari hii ataandika kitu.

Funzo langu ni fupi, maana nimechoka. Mtu mkimtoa kwenye hesabu ya nyumba, aliyemtoa ndiye amrudishe, na aseme kwa mdomo wake. Msingoje kama Dezső wangu, mpaka mbaki na nusu mdomo.