Mbwa Aliyeitwa Banakuya

Andazi la kwanza halikuwa la kuuzwa. Kila asubuhi Nyirarukundo alilitoa kwenye mafuta kwa kijiko chake cha matundu, akalipuliza, akalimega na kuangusha nusu chini, karibu na jiko. Mbwa wake alinusa kwanza. Akila, mafuta ni mazima. Akigeuza uso, Nyirarukundo aliyamwaga mafuta yote na kuanza upya, hata kama wateja wamesimama pale wakipiga miayo.

"Mama Nyira, mbwa amekubali?" waliuliza wanaume wanaobeba mizigo kwenda mpakani.

"Amekubali. Lete mukono."

Hao walicheka na kununua. Wengine hawakununua hata siku moja. Gisenyi ya mwaka 1998 haikupenda mbwa. Waliokuwa hapa wakati wa vita waliwaona mbwa wakila kile ambacho mbwa hapaswi kula, na vita vilipoisha karibu wote walipigwa risasi. Mtu akikutana na mbwa njiani alivuka upande wa pili. Lakini Nyirarukundo hakuwa hapa wakati ule. Alikuwa Masisi, Kongo, na mume na ng'ombe. Akavuka mpaka na mbwa tu.

Alikuwa mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama, lingine limelala. Alilala ndani ya beseni la nguo, na nguo zikiwemo. Kuku aliwaogopa, bata aliwafukuza. Jumapili alimsindikiza Nyirarukundo kanisani, akajilaza mlangoni, na wimbo wa mwisho ukianza yeye ndiye wa kwanza kusimama, kabla hata ya wazee wa kanisa. Jioni walikaa pamoja kizingitini, mama akimtoa viroboto na kumsimulia bei ya unga. Mbwa alisikiliza kwa lile sikio moja.

Shida ilikuwa jina. Aliitwa Banakuya. Kwa Kiswahili cha shule, wanakuja.

Hakuna aliyempa. Kule Masisi, alipokuwa mdogo, kila akibweka usiku mume wa Nyirarukundo aliketi kitandani na kusema polepole, "Banakuya." Halafu walichukua watoto wa jirani na kujificha kwenye migomba. Ilikuwa hivyo mara nyingi, mpaka yule mbwa mdogo akadhani anaitwa. Usiku mmoja mume hakuwahi kufika kwenye migomba. Jina likabaki kwa mbwa.

Na sisi hapa mwaka ule tulilala tukiogopa neno hilohilo. Watu wenye silaha walikuwa wanashuka kutoka msitu wa volkano, upande wa Busasamana. Wanaua, wanachoma, wanarudi. Ukisikia wanakuja, huulizi ni nani. Nyirarukundo alilijua hilo. Nje ya nyumba alimwita mbwa kwa kupiga ulimi tu, na mbwa akaja.

Jioni moja mbwa alimfuata bata wa Pascasie, jirani yetu, mpaka katikati ya barabara. Lori la jeshi lilikuwa linateremka mbio. Nyirarukundo mikono yake ilikuwa imejaa unga. Ulimi haukutosha. Akapiga kelele.

"Banakuya! Banakuya!"

Kwenye bomba watu walitupa bido, madumu yao ya maji. Mwenye duka alifunga mlango na wateja ndani. Mwanamume mmoja alikimbilia ziwani akiwa ameshika pasi ya makaa, ikiwa bado moto. Ineza, mtoto wa Pascasie, aliangushwa na watu wazima na mkono wake ukavunjika. Lori likasimama, askari wakaruka chini, wakaelekeza bunduki kule watu walikotoka. Kule alikuwa amesimama Nyirarukundo peke yake, na unga wake.

"Nani anakuja?" askari akauliza.

"Mbwa," akasema.

Kesho yake alikuja Callixte, konseye, yaani diwani, wa sehemu yetu. Alikataa kiti. Muda wote alisimama mbali na mbwa.

"Mama, ile jina haifae hapa."

"Mi sikumupa. Alijipa mwenyewe."

"Basi abadilishe."

"Mutu anaweza kubadilisha jina. Mbwa, sijui."

"Hapa watu wengi bamebadilisha majina, Mama. Mbwa ndiye atashindwa?" Halafu akashusha sauti. "Mi niliona mbwa za hapa. We hukuona. Jumamosi utamwita mbele ya watu, kwa jina jipya. Akija, anabaki. Akikataa, askari watamaliza."

Nyirarukundo alichagua Kahawa, kwa sababu ya rangi. Wiki ile yote tulimsikia nyuma ya ukuta. Kahawa, na kipande cha andazi. Kahawa, na kipande. Mbwa alikula vipande na kumtazama kama mtu anayesubiri mgeni mwingine.

"Anakuchekelea," Pascasie alimwambia.

"Anafikiri ni jina ya mandazi."

Pascasie hakumkasirikia kwa ule mkono wa mtoto. Ineza mwenyewe, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni, alikuja kila mchana kukaa na mbwa. Kufikia Ijumaa mbwa aligeuza sikio akisikia Kahawa. Nyirarukundo hakula siku hiyo.

Jumamosi watu walijaa karibu na bomba. Walio mbele walitaka kuona, walio nyuma hawakuona kitu. Callixte alisimama na askari mmoja kijana. Mbwa aliwekwa upande mmoja wa uwanja, bila kamba, na Nyirarukundo akaenda upande wa pili. Mikono yake ilikuwa mitupu. Callixte alikuwa amekataza andazi.

"Ita, Mama."

"Kahawa."

Mbwa alikaa. Nyuma mtu akasema, "Ongeza sukari," na wachache wakacheka. Askari akashika vizuri bunduki yake.

"Kahawa. Njoo, Kahawa."

Sikio likageuka. Mbwa akasimama. Akapiga hatua, akanusa chini, akapiga nyingine. Ungesikia bomba likidondosha maji. Alikuwa amefika nusu ya uwanja, na Nyirarukundo amejishika kifua, Ineza alipochoka kuvumilia. Alikuwa amekaa begani kwa mama yake. Alifurahi tu.

"Banakuya anakuja!"

Mbwa akageuka, akamrukia Pascasie kwa furaha, mkia unazunguka. Na wale wa nyuma, ambao hawakuona kitu, walisikia lile neno peke yake. Wakakimbia. Bido zikapinduka, mwanamke akaanguka juu ya mwingine, askari akainua bunduki bila kujua aelekeze wapi. Callixte aliukamata mtutu na kuushusha.

Walipotulia, alimgeukia Nyirarukundo.

"Mbele ya watoto, hapana," alisema. "Lakini kesho nisimukute hapa."

Nyirarukundo aliinama akamtoa mbwa miguuni kwa Pascasie, akapiga ulimi, wakaingia ndani.

Asubuhi jiko liliwaka kama kawaida. Andazi la kwanza likatoka, likapulizwa, likamegwa. Mbwa alinusa, akageuza uso. Nyirarukundo alimwaga mafuta, lakini hakuanza upya. Aliliosha karai na kumpa Pascasie pamoja na ufunguo.

"Ninaenda Nyamyumba, kwa shemeji. Ninamuacha mbwa kule. Jumapili ingine niko hapa."

"Nikutunzie unga?"

"Tumia tu."

Alishika njia inayofuata ziwa, kitenge kimoja kichwani, mbwa mbele yake. Tulikuwa kwenye bomba, na Callixte pia. Penye kona mbwa alisimama kunusa kitu, na mama akamwita. Hakupiga kelele. Alimwita kama unavyomwita mtu wa nyumbani kwako.

"Banakuya."

Tulisikia wote. Hakuna aliyekimbia. Callixte tu ndiye aliyegeuka, akatazama nyuma yetu, upande wa volkano.

Mpaka leo karai limetundikwa ukutani kwa Pascasie, pamoja na ufunguo.