Ombi Nililolimeza Mahakamani

Mteja wangu alinitegemea niseme sentensi moja tu. Nikanyamaza, tena makusudi.

Msinihukumu kwanza, sikilizeni.

Mimi ni wakili wa watu wasio na uwezo hapa Buffalo, Marekani. Miaka kumi na sita iliyopita mdogo wangu Lavelle alifungwa kwa kuiba gari, akiwa na miaka kumi na tisa. Juu ya kifungo wakamtwisha ada za mahakama. Kila mama alipomtumia hela ya matumizi, gereza lilikata kwanza.

Mama akaenda dirishani pale mahakamani kuomba Lavelle asamehewe zile ada. Karani alikuwa mzee mmoja, Pruszynski.

"Ungemlea vizuri usingekuwa hapa," akamjibu mbele ya foleni nzima. "Anayefuata!"

Nilikuwa nimemshika mama mkono. Nikaapa kimoyomoyo: wewe mzee, ipo siku utanikoma.

Siku hizi sheria imelegezwa. Kijana aliyekosa kabla ya kutimiza ishirini na moja, hakimu anaweza kumfutia ada. Ila mahakama yetu ina tabia yake: wakili asipoomba kabla hakimu hajatia saini, hakuna wa kumkumbusha. Ukikaa kimya, imekula kwako.

Februari nikapewa faili. Casimir Pruszynski, miaka kumi na tisa, kuvunja duka na kuiba. Mjukuu wa karani yule yule!

Nikacheka peke yangu ofisini. Mungu si Athumani.

Nilipaswa kulikataa faili lile. Thubutu!

Siku ya hukumu mzee alikaa mstari wa mbele, ameshastaafu, shingo bado ngumu. Pembeni yake alikaa Renata, mama wa kijana, na sare yake ya kufulia mashuka hotelini.

Hakimu akampa Casimir miaka miwili. Kisha akaniangalia.

"Wakili, una ombi lingine?"

Casimir akaninong'oneza, "Dada, zile ada ulizosema utaniombea zifutwe?"

"Sina ombi, Mheshimiwa."

Kalamu ikapita. Dola mia tatu sabini na tano. Sitawadanganya, roho yangu ilisuuzika.

Nje kwenye korido mzee akanifuata. Nikajiandaa kumrudishia maneno yake, neno kwa neno.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, binti. Wengine wangeanza kumbembeleza hakimu pale. Amekosa, alipe! Mama yake nilishamkataza kuomba omba."

Jamani, alikuwa anatabasamu! Nikauchomoa mkono wangu.

Alipoondoka, Renata akanisogelea. Macho mekundu.

"Dada wakili, nikimtumia mwanangu hela ya sabuni, wataikata?"

Nilirudi ndani mbio, nikaomba nisikilizwe. Hakimu alishaita kesi nyingine.

"Wakili, nilikuuliza ukasema huna. Kaa chini."

Nimekata rufaa, nimeandika kwa mkono wangu kwamba kosa ni langu. Huenda leseni ikaenda na maji. Sawa tu.

Mzee? Bado namchukia, tena kuliko zamani. Nilidhani nimemkomoa, kumbe nimemfanyia kazi yake.

Ndugu zangu, kisasi hakichagui. Kabla hujamrushia adui yako jiwe, tazama kwanza nani amesimama karibu naye. Mimi sikutazama, na mama wa mtu analia.