Wamiliki Sita wa Kasri, na wa Saba Niliyemwongeza Mimi

Siku ya kwanza kazini niliripoti na sare ya shule, kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na onyo. Onyo lilitoka kwa Mama, mkuu wangu wa kwanza. "Subira, ukipeleka utani wako kwa yule mzee, utarudi nyumbani kwa miguu." Kutoka Ingleburn, kwa mzee, hadi kwetu Auburn kwa miguu si mchezo, wadogo zangu. Nilikubali haraka.

Nawaandikia ninyi mlio madarasa ya chini, mnaodhani ukatibu ni kubonyezabonyeza tu. Mimi nimeshastaafu. Nina miaka kumi na sita.

Mama ni mtu wa Mbeya, na kazi yake hapa Sydney ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Aliposikia kwamba mzee wake mpya, Karel, alizaliwa Moravia, huko Ucheki, nusura apige vigelegele. Kwetu Mmoraviani ni ndugu wa kanisani. Akamwimbia wimbo mzima huku anamkorogea uji. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi ni Mkatoliki, na hata kanisani kwetu siendi."

"Si neno," Mama akajibu. "Kanisa letu chimbuko lake ni huko kwenu. Kunywa uji, ndugu yangu."

Ndugu huyo alikuwa ameendesha winchi ya makontena bandarini Port Botany hadi alipostaafu, na sasa macho yake yalikuwa yamekwisha. Alitaka mtu wa kumwandikia kitabu. Mama akanitoa mimi, kama mtu anavyotoa kuku wake mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa imla, maana yake mwenye maneno anasema, wewe unaandika, na huongezi chako. Kila Jumamosi tukimaliza, ilifuata marudio: namsomea yote tuliyoandika siku ile, naye anasahihisha huku amefumba macho. Aliniita Katibu. Mimi nilimwamkia shikamoo, na baada ya wiki tatu alijibu "marahaba" kwa sauti ya askofu.

Kitabu kilihusu kasri. Muungwana mmoja mpanda farasi alilijenga juu ya mwamba. Wajukuu wake wakagombana, likaangukia kwa askofu. Askofu akamwachia mfanyabiashara wa vitambaa, aliyepaka kuta rangi ya haradali mpaka majirani wakalalamika. Likaja kwa ukoo wa makabaila, wakakaa vizazi na vizazi. Halafu serikali mpya ikalichukua, na leo liko mikononi mwa halmashauri ya mji, ambayo imeligeuza makumbusho.

Na Mzee Karel? Hakuwa kabaila. Baba yake alikuwa mtunza funguo wa yule kabaila wa mwisho. Siku maofisa wa serikali walipokuja kuorodhesha mali, kikombe cha dhahabu cha kanisani mwa kasri kilipotea, na lawama ikamwangukia aliyeshika funguo. Mpaka leo kibao cha pale makumbusho kinasema aliiba. Karel, akiwa mtoto, alimwona baba yake akimkabidhi ofisa kikombe kile, na ofisa akikitia ndani ya koti. Wengine wote walioona wamekufa. Makumbusho walikuwa wamekubali kusoma ushahidi wake na kufikiria kukibadilisha kibao.

"Katibu," aliniambia, "habari za matajiri andika vyovyote. Ukifika kwa baba yangu, andika polepole."

Nilipofika kwa baba yake niliandika polepole. Tatizo ni kwamba kwa matajiri nilikwenda mbio. Jumamosi moja ya joto, mzee anaeleza mkataba wa askofu kwa saa nzima, usingizi ukanishika, mkono ukaniwasha. Kati ya askofu na yule wa vitambaa nikamchomeka Chifu Mwandizi wa Tukuyu, aliyelishinda kasri kwenye bao akapanda migomba ndani ya handaki. Wakati wa marudio nilimruka. Nilisema moyoni nitamfuta. Nilimwonyesha rafiki yangu wa shule, tukacheka mpaka tukatolewa maktabani.

Sikumfuta. Kitabu kilipokamilika mzee alisema, "Tuma." Nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la adabu kabisa. Waliandika kwamba maelezo yana mmiliki ambaye hakuwahi kuwepo, kwa hiyo hawawezi kutegemea sehemu nyingine yoyote, ikiwemo ile ya kikombe. Kibao kitabaki.

"Soma, Katibu," mzee alisema. Alikuwa amevaa shati la kola.

Ningeweza kudanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, umenyooka vizuri. Lakini Mama alikuwa amesimama pale na taulo mkononi, ananitazama. Nikasoma yote. Kisha nikamweleza Chifu Mwandizi ni nani.

Akauliza, "Alipanda nini?"

"Migomba, Babu."

"Inachekesha," alisema, na hakucheka. "Na yule ofisa alicheka siku ile. Baba alipowaambia maofisa nani amekichukua, yeye alicheka, na wenzake wakamwamini aliyecheka." Akageuza uso dirishani, ingawa hakuona kitu huko. "Nenda nyumbani, Subira."

Hapo ndipo nilipojua nimestaafishwa. Hakuniita Katibu.

Kwenye treni Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Umeandika chako kwenye cha mtu."

Usiku uleule niliwaandikia makumbusho. Nilisema chifu ni wangu, utoto ni wangu, ushahidi ni wa mzee na ni kweli tupu. Wakajibu wamenielewa. Walichohitaji ni mzee mwenyewe aurudie ushahidi, kwa sauti yake, mbele ya mtu wanayemwamini, nao wangempata mtu huyo hapa Sydney.

Jibu hilo lilifika Jumatano. Jumatatu, siku mbili kabla, Mzee Karel alikuwa amepigwa kiharusi. Yuko hai. Anaminya mkono ukimminya. Maneno hana, na daktari amemwambia Mama asitegemee yarudi.

Namtembelea. Simtanii. Nakaa kando ya kitanda nafanya marudio, toka muungwana wa mwamba hadi halmashauri ya mji, bila kuruka mtu na bila kuongeza. Nikifika kwa baba yake, nasoma polepole: mlango, funguo, kikombe, koti la ofisa. Anafumba macho kama zamani. Kila neno ninalo kichwani, mahali pake, kwa mpangilio wake. Aliyeona hawezi kusema tena. Anayeweza kusema ni mimi, na mimi ndiye wasiyemwamini.